Chungu cha Umeme Kinachopika Polepole: Niliyoyaona Jikoni Kwangu Moshi

Chungu cha umeme kinachopika polepole hakimpunguzii mpishi kazi kwa kiasi wanachokitarajia wengi. Kinaiondoa kazi hiyo jioni na kuipeleka alfajiri. Nimekitumia kwa miaka kadhaa hapa Moshi, nikiwa mfanyakazi wa maabara ya hospitali ambaye zamu zake huanza mapema na wakati mwingine humalizika saa 2 usiku, na karibu kila faida na kila kero niliyoikuta imetokana na uhamisho huo. Anayerudi nyumbani akiwa hoi atakuta chakula kimeiva, lakini ili kiive ilibidi kitunguu kikatwe, nyama ioshwe na tangawizi itwangwe saa 11 alfajiri, wakati mtaa mzima umelala. Kwa mtu anayeamka na akili zake zote huo ni mpango mzuri. Kwa mume wangu, ambaye kabla ya chai hawezi hata kukumbuka vifuniko vinakaa kabati lipi, mpango huo haukuwahi kufaa, na siku yake ya kupika ikifika anatumia gesi.

Chombo chenyewe si kigumu kukielewa. Nje kuna ganda la bati lenye nyaya za joto zilizozungushwa ubavuni, ndani hukaa chungu kizito cha kauri, na juu kuna kifuniko cha kioo. Changu kina kitufe cha kuzungusha chenye moto mdogo, moto mkubwa, na nafasi ya kuweka chakula kisipoe. Watu wengi hudhani kwamba moto mdogo huishia kwenye joto la chini kuliko moto mkubwa, kumbe yote miwili hufikisha chakula karibu na kuchemka. Tofauti ni kwamba moto mkubwa hufika huko kwa muda wa saa 3 au 4, na moto mdogo kwa saa 7 au 8. Kibandiko kilichopo chini ya changu kinaonyesha wati 200, ilhali jiko la kawaida la umeme la koili hutumia wati 1,000 na kuendelea. Udhaifu huo wa moto ndio unaokifanya kisiunguze chakula hata kikiachwa kutwa nzima, na ndio huohuo unaokifanya kishindwe kukaanga, kishindwe kuchemsha kwa nguvu, na kishindwe kabisa kupika wali au ugali wa maana.

Kwa wanaoletewa chungu hiki na ndugu walioko ng'ambo, kuna jambo la kuangaliwa kabla ya sanduku kufungwa. Changu kililetwa na shemeji kutoka Uingereza, ambako umeme ni wa volti 230 kama wetu na plagi ni ileile ya pini tatu bapa, kwa hiyo nilichomeka na kuanza. Mfanyakazi mwenzangu aliletewa chake kutoka Marekani, kilichotengenezwa kwa volti 120, na kingechomekwa moja kwa moja ukutani kingeungua papo hapo; alilazimika kununua transfoma ya kupunguza umeme, ambayo ni nzito kuliko chungu chenyewe na hunguruma muda wote chakula kinapoiva.

Nyama ngumu ndiyo shule ya kwanza ya chungu hiki, na katika nyama zote sijaona inayokifaa kama kongoro. Hapa kwetu supu ya kongoro ni kifungua kinywa cha watu wazima, na kwa mkaa huhitaji mtu wa kukaa karibu kwa nusu siku akiongeza maji na kuchochea. Mimi hununua kongoro lililokwisha kubabuliwa na kukatwakatwa buchani, nalisugua kwa maji ya moto, kisha nalichemsha kwenye gesi kwa robo saa ili povu la kijivu litoke na nilimwage. Baada ya hapo naliweka chunguni na maji mapya yanayochemka, kipande cha tangawizi, punje za kitunguu saumu na chumvi kidogo, nafungulia moto mdogo saa 3 usiku na kwenda kulala. Asubuhi ngozi na mishipa huachia mfupa kwa kuguswa na kijiko. Sababu yake ni kolajeni, ile protini ngumu ya mishipa na ngozi, ambayo huyeyuka na kuwa jelatini ikikaa muda mrefu ndani ya maji yenye joto, na haihitaji kuchemka kwa fujo ili iyeyuke. Supu inayobaki ikiingia kwenye friji hugandamana kiasi kwamba naweza kuikata kwa kisu.

Kuku wa kienyeji anafuata kwa karibu. Jogoo aliyetembea miaka miwili kwenye migomba ya Kibosho hawezi kulainika kwa dakika 40 za gesi, na wengi humalizia kwa kumtafuna kwa subira. Ndani ya chungu, kwa saa 7 za moto mdogo, analainika bila kupoteza umbo. Kuku wa kisasa ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa nyama yake ni laini tangu mwanzo na haina mishipa mingi ya kuyeyushwa, hivyo ukimwacha kutwa nzima utakuta nyuzi zinazoelea na mifupa iliyojitenga. Vivyo hivyo kwa steki. Nimeshawaambia wengi, na wachache wamekubali, kwamba chungu hiki humlipa vizuri anayenunua nyama ya bei nafuu na humwadhibu anayenunua ya bei ghali.

Mtori ulinichukua muda zaidi kuupatia utaratibu, hasa kwa sababu ulikuwa chini ya macho ya mama mkwe. Alikuja kutoka Marangu mtoto wetu wa pili alipozaliwa, kama ilivyo desturi, kumlisha mzazi, na mtori ndio uliokuwa ratiba yake ya kila siku. Alikuwa tayari kukubali kwamba mifupa ya nyama ichemkie chunguni usiku, kwa kuwa kazi hiyo hata yeye aliwahi kuiachia makaa yaliyofunikwa majivu. Ndizi alikataa. "Mwanangu, ndizi haitaki kulala," aliniambia, na nilipozipika zote pamoja siku moja ili tuone, alikuwa sahihi: ndizi mshare zilizolala chunguni usiku kucha ziligeuka rangi ya udongo, na ladha yake ikawa imechoka. Tangu hapo mtori wangu ni wa hatua mbili. Mifupa hukaa chunguni usiku. Asubuhi nachuja mchuzi, nachambua nyama, napika ndizi kwa mchuzi huo kwenye sufuria ya kawaida kwa muda usiofika saa moja, kisha zinapondwa kwa mwiko na kuongezewa maziwa. Mama mkwe alikubali kwamba mchuzi wa chungu ni mzito kuliko wake. Aliongeza, hata hivyo, kwamba hauna moshi, na kwa hilo sina jibu, maana nyama iliyopikwa kwenye mafiga ina harufu ambayo waya wa umeme hautaitoa kamwe.

Suala la ladha lina upande mwingine ambao wauzaji hawausemi. Nyama hupata rangi ya kahawia na ile harufu ya kukaangwa pale joto la juu ya uso wake linapofika kama nyuzi 140 za Selsiasi, na chakula kilichozungukwa na maji hakiwezi kufika huko. Kitunguu kibichi kilichotupwa chunguni hubaki na ladha ya kitunguu kilichochemshwa, nyanya hubaki na uchachu wake, na mchuzi mzima hukosa ule mwili unaopatikana kwa kuunga. Kwa hiyo nakaanga kwanza kitunguu, nyanya na nyama kwenye sufuria, kisha nahamishia chunguni, jambo ambalo linamaanisha vyombo viwili vya kuosha badala ya kimoja na dakika 20 zaidi za alfajiri. Anayekuambia kwamba utatupia kila kitu kwa pamoja na kuondoka hadanganyi, ila hasemi utakula nini jioni.

Maji nayo yanahitaji mkono mwingine. Mvuke hugonga kifuniko, hugeuka matone na kurudi chunguni, kwa hiyo karibu hakuna kinachokauka. Maji ninayoyaweka ni nusu ya yale ambayo ningeyaweka kwenye mkaa. Karafuu, iliki na mdalasini hukolea mno zikikaa kutwa nzima, na nimezipunguza hadi robo. Tui la nazi, maziwa na mtindi hukatika vikipikwa muda mrefu, hivyo huingia katika nusu saa ya mwisho, pamoja na giligilani na ndimu. Viazi na karoti, kinyume na mtu anavyodhani, huchelewa kuiva kuliko nyama, kwa hiyo huwekwa chini kabisa na kukatwa vipande vidogo. Kufunua kifuniko ili kuonja ni gharama, kwa sababu wati 200 zinahitaji dakika 20 au zaidi kurudisha joto lililotoka. Wanangu wamefundishwa kuchungulia kupitia kioo.

Sasa maharage, ambayo ndiyo sehemu ninayoisimulia kwa kirefu kila ninapoulizwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mpare wa upande wa Suji, na ni Msabato, wa kanisa lililoanza kazi yake katika nchi yetu kwenye milima hiyohiyo ya Upare mwaka 1903. Nyumbani kwake jua la Ijumaa likizama hakuna anayewasha moto wa kupikia hadi Jumamosi jioni, kwa hiyo makande ya Sabato hupikwa Ijumaa mchana na kufungiwa ndani ya kikapu joto chenye mablanketi mazito, ambako hubaki na joto kwa saa nyingi. Nilipomwonyesha chungu changu alikipenda kabla sijamaliza kueleza. Nilikuja kusoma baadaye historia ya chombo hiki, nikaona kwamba alikuwa amekitambua kitu cha kwao. Irving Naxon, mvumbuzi aliyeishi Chicago na kupewa hataza yake mwaka 1940, alilichota wazo hilo kwenye simulizi za familia yake kuhusu Lithuania, ambako Wayahudi walipeleka chungu cha nyama na maharage kwa mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla ya jua kuzama, kiive usiku kucha kwa joto la tanuri linalopoa, pasipo mtu yeyote kufanya kazi siku ya Sabato. Chombo chake kiliuzwa kwa jina la Naxon Beanery, yaani kilihesabiwa kuwa cha maharage. Kampuni ya Rival ilinunua biashara hiyo mwaka 1970, ikakitoa upya mwaka uliofuata kwa jina la Crock-Pot, na jina hilo ndilo lililosambaa.

Lakini chombo kilichozaliwa kwa ajili ya maharage kina hatari kwa baadhi ya maharage, na hatari hiyo iko zaidi kwenye maharage mekundu ambayo sisi tunayala sana. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, ambayo huvunjika yakichemka barabara, lakini haivunjiki vizuri kwenye joto la chini. Yakipashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na madhara makubwa kuliko yakiwa mabichi. Punje nne au tano zinatosha kumwangusha mtu kwa kichefuchefu, kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Chungu kinachopanda joto polepole kwa wati 200 hupita katika eneo hilo la hatari kwa muda mrefu, na kikiwa na umeme hafifu au kifuniko kibovu kinaweza kukaa humohumo. Kinachotakiwa ni kuyaloweka kwa saa 5 au zaidi, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa nguvu katika maji mapya kabla hayajaingia chunguni. Kipimo cha chini kinachotajwa ni dakika 10 za kuchemka kwenye nyuzi 100, na wengine hushauri dakika 30. Mimi hushika dakika 30, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Nilimweleza jirani haya yote jikoni kwake, kwa uangalifu, maana si jambo dogo kumfundisha makande mtu aliyeyapika tangu utotoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa hiyo, dada, chungu chako kinapika baada ya mimi kupika?" Swali lilikuwa la haki. Kwa makande, chungu hufanya nusu ya kazi tu: mahindi yaliyokobolewa na maharage hulowekwa Alhamisi usiku, huchemshwa kwenye gesi Ijumaa asubuhi, kisha huhamishiwa chunguni yakiwa na moto wake na kuachwa kutwa nzima. Kikapu joto humfanyia karibu kazi hiyohiyo bila uniti hata moja ya umeme, na alinikumbusha hilo. Kilichomvutia mwishoni ni kwamba makande ya chungu humngoja mlaji yakiwa ya moto kweli Jumamosi mchana, kwa sababu umeme uliowashwa Ijumaa kabla ya jua kuzama huendelea wenyewe. Yeye pia ndiye aliyeniambia nisitie nyanya wala ndimu kabla maharage hayajalainika, kwa kuwa uchachu huyafanya yagome, na kwamba chembe ya magadi huyalainisha haraka. Magadi nayatumia kwa uchache mno, kwa sababu huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na pia kwa sababu sipendi ladha yake, ingawa wakwe zangu wataniona mgeni kwa kusema hivyo.

Sababu ya zile dakika 30 ni mwinuko. Nyuzi 100 za kuchemka kwa maji ni za usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, joto hilo la kuchemka hupungua nyuzi moja. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 hadi 900 hivi, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97, na Arusha, iliyoko karibu mita 1,400, huchemka kwenye nyuzi 95. Kwa sufuria ya wali tofauti hiyo haionekani. Kwa chombo ambacho nguvu yake yote ni kusogea taratibu kuelekea kuchemka, inaonekana wazi: wifi yangu anayeishi Arusha ana chungu cha aina ileile, anafuata maelezo yangu yaleyale, na nyama ya mifupa humdai saa moja au mbili zaidi kuliko inavyonidai mimi. Vitabu vya mapishi vinavyokuja pamoja na vyungu hivi huandikwa na watu wa nchi za tambarare, na saa zilizoandikwa humo si za kuaminiwa na mtu anayeishi chini ya Kilimanjaro au Meru.

Kuhusu umeme nitasema mambo mawili, la kwanza likiwa kukatika kwake. Bakteria wanaosababisha sumu ya chakula huongezeka kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na kazi yangu hainiruhusu kulisahau jambo hilo. Chakula kilichofika nyuzi 50 kisha kikakosa umeme kwa saa 3 ni sahani bora ya kuoteshea vimelea, hata kama baadaye kitachemka, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria hazifi kwa kuchemshwa. Mwenye jiko la mkaa huona moto ukizimika. Mwenye chungu cha umeme yuko kazini wakati kinapozimika, na hapo ndipo ule uhamisho wa kazi kutoka jioni kwenda alfajiri unapodai malipo yake. Vyungu vyenye kitufe cha kuzungusha, kama changu, huendelea vyenyewe umeme unaporudi, na unaweza kurudi nyumbani ukakuta mvuke na harufu nzuri usijue kwamba vilisimama kwa nusu siku. Vile vya vibonye na kioo cha namba vingi huzima moja kwa moja na kukungoja. Kwa upande wangu nimeweka karibu na chungu redio ndogo yenye saa ya umeme, isiyo na betri, ambayo ikikatikiwa huanza kuhesabu upya kutoka sifuri na kumetameta. Nikikuta inaonyesha kwamba umeme ulirudi mchana na sijui ulikatika saa ngapi, nampigia jirani simu. Asipokuwa na jibu la uhakika chakula kinamwagwa, hata kama ni kongoro zima, na siku hiyo tunakula mayai. Nikiwa nyumbani ni rahisi zaidi: kila kitu kinahamia kwenye gesi palepale.

Mwishoni mwa mwaka 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, nchi ilipokuwa na mgawo wa umeme, nilikifungia chungu kabatini kabisa, na sikukitoa mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwezi Februari 2024 na hali ikaanza kutengemaa. Ila hata umeme usipokatika huweza kuwa hafifu. Nguvu ya waya wa joto haipungui sawa na volti. Hupungua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, chungu cha wati 200 hubaki na wati 150 tu. Nyumba zilizo mbali na transfoma hukutana na hali hii saa za jioni, watu wote wanapowasha taa, pasi na televisheni. Ndiyo maana sianzi kupika saa 12 jioni. Naanza usiku mtaa ukishatulia, au alfajiri.

Jambo la pili ni gharama, na hapa dhana ya watu wengi inakwenda kinyume na hesabu. Wakiona wati 200 husema chombo hiki hakili umeme. Kwa saa 8, hata kikivuta wati zote bila kupumzika, kitakula uniti 1.6. Mimi niko kwenye kundi la kawaida la watumiaji wa nyumbani, ambalo uniti moja hugharimu shilingi 292 kabla ya kodi na tozo na kama 356 baada yake, kwa hiyo chungu kimoja cha supu hakizidi shilingi 570. Hiyo ni nafuu kwa kongoro ambalo lingemaliza mkaa mwingi. Jirani yangu yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wanaolipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kwake ni rahisi zaidi, mradi tu asivuke kikomo hicho, kwa sababu uniti zinazozidi hutozwa shilingi 350. Hata hivyo jiko la presha la umeme, lenye wati 1,000 ambazo zinatisha kuzisoma, hupika maharage yaliyolowekwa kwa muda usiofika saa moja na mara nyingi halimalizi hata nusu uniti, kwa kuwa likishafikia presha huzima na kuwaka kidogokidogo. Zaidi ya hayo, presha huinua joto la kuchemka juu ya nyuzi 100, hivyo mwinuko wa Arusha haulisumbui na ile sumu ya maharage haina pa kujificha.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, na kila mara semina za jambo hili zinapofika kazini kwetu huwa naulizwa kama chungu changu kinafaa kupendekezwa. Huwa nasema hapana. Mtu mwenye uwezo wa kununua chombo kimoja tu cha umeme anunue jiko la presha, kwa sababu chakula chetu cha kila siku ni maharage, makande na wali, na vyote vitatu hulipenda lile kuliko hiki. Chungu cha polepole ni chombo cha pili, cha nyumba ambayo wote hutoka asubuhi na hupenda mifupa.

Kuna mambo madogo ambayo niliyajua kwa kuishi nacho. Chungu kisijazwe zaidi ya theluthi mbili wala kisiwe chini ya nusu, maana kikiwa na chakula kidogo kingo zake huungua, na hili ni la kufikiriwa na mtu wa familia ndogo anayevutiwa na ukubwa wa lita 6. Nyama iliyoganda kwenye friza haiingii humo kabla haijayeyuka, na kiporo hakipashwi moto humo, yote kwa sababu ya zile nyuzi za hatari. Ganda la nje hupata moto wa kuunguza mkono wa mtoto. Plagi inachomekwa ukutani moja kwa moja. Nyaya za kuunganisha za bei rahisi hazikutengenezwa kwa kazi ya usiku kucha. Sisimizi wa Moshi wana njia yao ya kufika popote penye harufu ya nyama, kwa hiyo changu kinasimama juu ya sinia lenye maji kidogo pembeni, mbali na waya. Na kuhusu harufu yenyewe: kongoro likipikwa usiku katika nyumba ndogo, watu wote huota ndoto za supu, na kuna mgeni mmoja aliyeamka saa 9 usiku akaomba bakuli.

Vipuri ndivyo vinavyonisumbua kwa sasa. Waya wa joto fundi wa umeme wa mtaani anaweza kuubadilisha, lakini chungu cha kauri kikipasuka hapa Moshi sijakiona kinapouzwa peke yake, na kauri hupasuka kirahisi ikitolewa kwenye moto na kumwagiwa maji baridi. Kifuniko cha kioo kilivunjika mwaka jana, nikapata cha sufuria chenye upana unaokaribiana nacho katika Soko la Mbuyuni, lakini hakikai sawasawa na mvuke unatoroka upande mmoja, kwa hiyo nimerudi kuongeza kikombe kizima cha maji na kuongeza saa moja juu ya kila nilichokuwa nimekizoea. Shemeji ameahidi kuleta kifuniko halisi atakapokuja likizo ya Desemba, na jirani naye ameshamwagiza chungu chake.